Muulize Nesi: Baka lisilouma

Toleo lililopita nilijibu swali la kifua kikuu nikataja ukoma kwa sentensi moja tu, kwamba kliniki ni ile ile, na toka siku hiyo simu yangu haijapumzika. Meseji zimetoka Urambo, Kibirizi, Ujiji, Nzega, Kasulu mpaka Sikonge, na nyingi zimetumwa saa sita saa saba usiku, nadhani mtu anasubiri wenzake walale ndo aandike. Kwa hiyo mwezi huu safu nzima ni ya ukoma. Majina nimeyahifadhi yote. Nimekaa miaka mingi kwenye kliniki ya kifua kikuu na ukoma huku mkoani Tabora kabla sijastaafu, nitawajibu vile vile nilivyokuwa najibu pale mezani, kwa kirefu panapotaka kirefu.

Shikamoo Nesi. Mimi ni mkulima wa tumbaku huku Urambo. Nina baka mgongoni chini ya bega, limepauka, lina kama mwaka na nusu, haliwashi wala haliumi. Duka la dawa wamenipa krimu ya fangasi, nimemaliza tyubu nne. Mama mkwe anasema ni mbalanga. Msimu huu tukiwa kwenye bani la kukaushia tumbaku niliungua mkono wa kushoto nikaja kushtuka kwa harufu. Je, nikapime damu wapi ili nijue moja?

Marahaba mwanangu. Nimesoma meseji yako mara tatu na kila mara naishia kwenye hiyo harufu. Baka peke yake lingeweza kuwa vitu vingi, choa, utangotango, hata mbalanga kweli kama anavyosema mama mkwe, ila mkono unaungua mwenyewe hajui mpaka anuse, huo sio wa kusubiri mauzo ya tumbaku yaishe. Nenda kesho. Sio duka la dawa, nenda zahanati au kituo cha afya uulizie mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya, kila wilaya anaye.

Sasa damu. Kipimo cha damu cha kuaminika, cha kukwambia una ukoma au huna, hakipo. Najua inashangaza maana malaria tunapima kwa tone moja dakika chache jibu liko mezani, lakini ukoma haujafika huko. Vipo vipimo vinavyotafuta kingamwili kwenye damu, yaani askari ambao mwili unawatengeneza kupigana na mdudu, vinatumika zaidi kwenye utafiti, shida yake ni kwamba mtu mwenye mabaka mawili matatu mara nyingi kinamwambia hana, alafu mzima kabisa ambaye ameishi karibu na mgonjwa kinaweza kumwambia anazo na huyo mtu maisha yake yote asiumwe. Hata PCR, ile ya kutafuta vinasaba vya mdudu, yaani bakteria wa ukoma, inafanya vizuri kwa mwenye wadudu wengi na inayumba kwa mwenye wachache. Kwa hiyo mpaka leo ugonjwa huu unagunduliwa kwa macho, vidole na pamba.

Ngoja nikwambie watakachokufanyia usiogope. Utavua shati. Mhudumu atachukua pamba kidogo, ataisokota ncha iwe nyembamba kama utambi, atakugusa kwanza mahali pazima ukiwa unaangalia ili uelewe, kisha atakwambia ufumbe macho, na kila ukiguswa unaweka kidole pale pale ulipoguswa, pasipofikika unasema ni wapi. Sio kuitikia ndio, maana mtu mwoga ataitikia hata asipoguswa. Anagusa shingo, kidole kinakuja shingoni. Anagusa kiwiko, kinakuja kiwikoni. Alafu pamba inatua katikati ya baka na mkono wa mgonjwa umetulia tu kwenye paja, anasubiri aguswe. Nimeliona hilo mara nyingi mno na bado kila nikilikumbuka linanishika kooni, kwa sababu mtu mwenyewe ndo anagundua hapo hapo akifumbua macho na kuona pamba iko juu ya ngozi yake.

Baada ya hapo atakupapasa neva, yaani mishipa ya fahamu, ile ya nyuma ya kiwiko ukijigonga unapigwa shoti mpaka kidole cha mwisho, ile ya pembeni chini ya goti, na za shingoni. Ikiwa nene kama kamba na mkono umepoteza hisia au nguvu, hiyo nayo ni dalili tosha. Pengine watakata kidogo sana kwenye ndewe ya sikio, wakwangue majimaji wakayaangalie kwenye hadubini, kwa sababu bakteria hawa wanapenda sehemu za mwili zenye ubaridi, sikio, pua, viwiko. Dalili kuu ni hizo tatu, baka lisilo na hisia, neva nene iliyoharibika, na wadudu kuonekana kwenye hadubini, na moja tu inatosha kukuanzishia dawa. Lakini hadubini isipoona kitu isikurudishe nyumbani ukiwa na baka lenye ganzi, mwenye mabaka machache mara nyingi wadudu wake hawaonekani na ugonjwa upo.

Mabaka mpaka matano bila wadudu kuonekana na bila neva kuguswa, dawa miezi 6. Yakizidi matano, au neva zimeguswa, au wadudu wameonekana, miezi 12. Wewe kwa huo mkono nadhani utaingia kwenye 12 ila hilo ataamua atakayekupapasa.

Na dawa ni bure. Ukiambiwa ulipie, kataa.

Nimekuandikia kirefu kwa sababu shangazi yangu, Mungu amrehemu, alipakwa krimu za fangasi miaka mitatu. Wahudumu watatu tofauti walimuona, hakuna hata mmoja aliyemwambia shangazi shusha kanga nikuguse kwa pamba. Mpaka anafika mezani kwangu vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimeshakunjika na havikunyooka tena mpaka tunamzika. Pamba, yaani kitu ambacho kila zahanati nchi hii inacho.

Habari Nesi, mume wangu ni mvuvi wa dagaa hapa Kibirizi, wiki mbili zilizopita kaambiwa ana ukoma ule wa mabaka mengi, dawa kaanza. Sisi tunakula sinia moja, kitanda kimoja, tuna watoto watatu, mdogo ana miaka minne. Wifi yangu anasema nimtengee sahani na kikombe na nisilale naye. Alafu kaupata wapi wakati kwao hakuna mtu mwenye ukoma?

Dada yangu pole, ila hiyo sahani uliyomtengea rudisha kabatini leo. Ukoma hauambukizi kwa sinia, wala kikombe, wala kushikana mikono, wala kukumbatiana. Kinachoaminika ni kwamba mdudu anatoka puani na mdomoni kwa mgonjwa ambaye hajatibiwa, kwenye matone ya pumzi, na anampata yule aliyeishi naye karibu kwa muda mrefu, miezi na miaka. Na hata hapo karibu watu 95 kwa kila 100 miili yao inamshinda wenyewe bila hata kujua walikutana naye. Mume wako ameshaanza dawa, dozi ya kwanza kaimeza mbele ya nesi, na mgonjwa akishaanza dawa haambukizi tena. Hatari mliyokuwa nayo nyumbani ilikuwa kabla hajajulikana, sio sasa, yaani wifi anakutaka umkimbie wakati ambao ndo hakuna tena sababu.

Kaupata wapi? Hilo dada yangu hata watafiti wakubwa wangekaa kwenye jamvi lako wasingekujibu, na sababu yake ni kitu kimoja ambacho ukikielewa utaelewa karibu kila kitu kuhusu ugonjwa huu. Mdudu huyu ni mpole mno. Bakteria wengine wa tumboni wanajigawa kila baada ya dakika 20 hivi, wa kifua kikuu anachukua karibu siku nzima, huyu wa ukoma kujigawa mara moja tu anachukua kama wiki mbili. Kwa hiyo toka mtu aambukizwe mpaka baka litokeze ni miaka 5 kwa wastani, na inaweza kufika 20 na zaidi. Mume wako miaka ishirini iliyopita alikuwa wapi, alilala kambi gani ya wavuvi, alisoma dawati moja na nani, nani atakumbuka? Mafua ukiyapata unamjua aliyekupa. Ukoma aliyekupa pengine alishazikwa.

Kwa watoto ndo sitaki uchelewe. Wapeleke wote watatu na wewe mwenyewe mkakaguliwe ngozi yote, sio mikono tu, na kwenye mwanga wa jua. Mtoto akikutwa na ukoma sisi wa kliniki tunashtuka zaidi kuliko mtu mzima, kwa sababu ana miaka michache tu duniani, maana yake aliyemuambukiza yuko karibu na pengine hajatibiwa bado. Wakikuta wazima, uliza kuhusu ile dozi moja ya kinga ya rifampisini, dawa ile ile tunayotibia ukoma na kifua kikuu. Kule Bangladesh waliwapa watu wanaoishi karibu na wagonjwa dozi hiyo moja tu, na kwa miaka miwili ya mwanzo wagonjwa wapya wakapungua kwa asilimia 57 ukilinganisha na ambao hawakupewa. Tanzania nayo ilikuwa kwenye zile nchi 8 zilizojaribu kuigawa kupitia huduma za kawaida, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza, kuanzia mtoto wa miaka miwili. Wa kwako wa miaka minne anaingia. Lazima kwanza wahakikishe mtu hana kifua kikuu wala ukoma wenyewe, maana dozi moja kwa mtu ambaye tayari anaumwa haimponyi, inamfundisha tu mdudu kuizoea dawa, hilo nitalieleza chini kwa yule kaka wa Kasulu.

Haizuii kwa asilimia mia, ndo maana majirani zetu wa Komoro, ambako ukoma bado ni mwingi, watafiti wanafanyia majaribio kuongeza dawa nyingine ya kifua kikuu, bedakwilini, kwenye hiyo rifampisini waone kama kinga itakaa zaidi. Na ile chanjo ya begani wanayochomwa watoto wachanga, BCG, tunaichoma kwa ajili ya kifua kikuu lakini inasaidia kiasi hata kwa ukoma.

Na lala na mume wako.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, kwetu Ujiji. Nimesikia sokwe wanaugua ukoma na sisi Gombe iko hapa jirani. Ni kweli? Na kwa nini hadi leo hakuna chanjo ya ukoma wenyewe?

Ni kweli mwanangu ila sio wa Gombe. Mwaka 2021 watafiti walitangaza kwamba sokwe wa porini wamekutwa na ukoma sehemu mbili, msitu wa Cantanhez kule Guinea-Bissau na msitu wa Taï kule Kodivaa, zote Afrika Magharibi. Waliona kwanza kwenye picha za kamera walizotega porini, sokwe ana manundu usoni na rangi imepotea, wakaenda kuokota vinyesi wakatafuta vinasaba vya mdudu. Kumbe aina ya mdudu kule Guinea-Bissau na aina ya kule Kodivaa hazifanani, na zote mbili ni za nadra kwa binadamu, kwa hiyo haielekei kwamba ni mtu mmoja aliingia msituni akawaambukiza. Kuna pia armadilo wa kusini mwa Marekani, mnyama mwenye magamba ukimuona utasema ni kakakuona, huyo ameshathibitika kuwapa watu ukoma, na kindi wekundu wa visiwa vya Uingereza nao wamekutwa na ukoma. Kwetu huku usimuogope sokwe kwa ajili ya ukoma, wa kwetu ni wa mtu na mtu.

Chanjo sasa. Mdudu mwenyewe amejulikana zamani, mwaka 1873, aliyemuona ni daktari wa Norway, Gerhard Armauer Hansen, miaka tisa kabla ya daktari wa Ujerumani, Robert Koch, kutangaza mdudu wa kifua kikuu. Lakini toka 1873 mpaka leo hakuna maabara duniani iliyoweza kumkuza kwenye chupa. Wanampa chakula cha kila aina, hakui. Walipomsoma vinasaba vyake vyote mwaka 2001 wakaelewa kwa nini, amebakiwa na jeni zinazofanya kazi kama 1,600 tu, na zaidi ya elfu moja nyingine zimekufa, zipo tu kama nyumba ambazo wenyewe wamehama, yaani hawezi kujitegemea, anaishi kwa kumtegemea mwenye mwili. Hansen mwenyewe alihangaika kumuambukiza mdudu mtu mwingine ili athibitishe, mpaka akafika kumchoma mama mmoja mgonjwa jichoni bila kumuomba ruhusa, mahakama ikamvua kazi yake hospitalini. Nakwambia hili kwa sababu wewe ni mwanafunzi na pengine kesho utakuwa mtafiti, ukumbuke yule mama.

Kwa hiyo njia iliyobaki ikawa kumkuza kwenye nyayo za panya, toka 1960, na kwenye armadilo toka 1971 kwa sababu mwili wake una ubaridi anaoupenda. Nyayo za panya zinachukua miezi sita mpaka mwaka kukupa jibu moja. Utafiti wa hivo huwezi kuukimbiza. Ila ipo chanjo inaitwa LepVax, iko kwenye majaribio kwa binadamu.

Nesi naomba unisaidie, niko Nzega, nina miezi mitatu kwenye dawa na ngozi imekuwa nyeusi kama imepigwa moshi, ndoa yangu ni mwezi wa 12. Naweza kuacha zile zinazonifanya mweusi nibaki na nyingine?

Hapana mdogo wangu, na nakuomba kama ningekuwa mama yako. Hiyo ni klofazimini, ni kazi yake kubadili ngozi, na ngozi inarudi yenyewe taratibu ukishamaliza, inachukua miezi, kwa wengine mwaka na zaidi. Mkojo mwekundu siku ya dozi ya mwezi nao ni rifampisini tu, sio damu. Kama ngozi inakauka paka mafuta na kaa kivulini. Ukiona macho yamekuwa ya njano, au vipele mwili mzima na homa, au unachoka na kupauka sana, hapo ndo urudi haraka, dapsoni, dawa nyingine iliyo kwenye pakiti yako, inaweza kukataana na mwili wa mtu. Mchumba wako mpeleke siku moja kliniki amsikie nesi mwenyewe. Bibi harusi mweusi zaidi kidogo kwenye picha, na mikono yote inayofanya kazi, hilo ndo nakutakia. Kwa nini huwezi kuchagua dawa, soma jibu linalofuata.

Kaka yako hapa Kasulu, bodaboda. Nilimaliza miezi 12 mwaka jana mwishoni. Sasa mabaka yale yale ya zamani yamevimba yamekuwa mekundu, kiwiko kinauma usiku, na mguu wa kulia unavuta kandambili. Jirani anasema wadudu wamekuwa sugu. Kuna mtu anauza vidonge vya TB anasema ni vikali zaidi. Ninunue?

Usinunue. Tena ukimaliza kusoma sentensi hii paki pikipiki uende hospitali ya wilaya leo, sio kesho, kwa sababu ya huo mguu.

Unachonieleza kwa kila dalili ni kile tunaita riaksheni, sio usugu na sio ukoma kurudi. Wadudu wamekufa, mizoga yao bado imo mwilini na kwenye neva, alafu kinga yako ndo imeamka inaishambulia, na vita inapigwa ndani ya neva ambayo haina nafasi ya kuvimba. Inakuja ghafla, siku au wiki chache, inauma, mabaka ya zamani yanawaka. Inaweza kuja ukiwa kwenye dawa au hata miaka baada ya kumaliza. Ukoma ukirudi kweli unakuja kimya kimya, polepole kama ulivyokuja mara ya kwanza, baka jipya, miaka kadhaa baadaye, hauna kelele. Dawa ya riaksheni ni prednisoloni, kwa wiki nyingi na kwa kupunguza dozi kidogo kidogo, daktari akusimamie. Ukiwahiwa mguu unaweza kurudi, ukichelewa unabaki hivyo.

Usugu sasa, kwa sababu wengi mmeuliza na jirani yako hakuokota hewani. Dapsoni ilikuwa dawa pekee kwa miaka mingi, watu walipewa peke yake, wengine maisha yao yote. Mwaka 1964 kule Malaysia ikathibitika kwamba kuna wagonjwa ambao haiwashiki tena wadudu. Rifampisini ilikuja ikiwa na nguvu ajabu, na mwaka 1976 nayo ikaripotiwa mdudu sugu. Kwenye mamilioni ya wadudu wa mgonjwa mmoja wapo wachache mno ambao jeni moja imeharibika kidogo kiasi kwamba dawa fulani haiwapati, ukileta dawa hiyo peke yake unaua wengine wote na kuwaachia hao shamba, ni kama kupalilia maharage ukaacha lile gugu lenye mizizi mirefu. Ndo maana mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likasema dawa zichanganywe, na leo pakiti ina zote tatu, rifampisini, klofazimini na dapsoni, mdudu aliyeponyoka moja anakutana na mbili nyingine. Dada wa Nzega, umeona sasa? Ukitoa klofazimini ukabaki na mbili unafungua upande mmoja wa zizi.

Kugundua usugu zamani kulikuwa kunarudi kwenye ule upole wa mdudu, unachukua nyama ya mgonjwa, unachoma nyayo za panya, unawalisha panya dawa, unasubiri mpaka mwaka. Mgonjwa atasubiri mwaka? Siku hizi wanachukua kipande kidogo cha ngozi wanasoma jeni tatu moja kwa moja, rpoB ya rifampisini, folP1 ya dapsoni na gyrA ya dawa za kundi la ofloksasini, wanaona kama kuna herufi imebadilika. Kwa njia hiyo kati ya 2009 na 2015 nchi 19 zilichunguza wagonjwa zaidi ya 1,900, wapya na wale ambao ugonjwa uliwarudia, wakakuta usugu kwa asilimia 8. Sio moto, lakini ni moshi na unatakiwa uangaliwe, maana rifampisini ndo uti wa mgongo wa dozi yetu. Aliyethibitika kuwa sugu kwa rifampisini anapewa dawa za mstari wa pili miezi 24 badala ya 12, na vidonge ni vya kila siku. Kipimo hicho cha jeni hakifanyiki zahanati wala hospitali ya wilaya, sampuli inasafirishwa, kwa hiyo mhudumu lazima awe na sababu ya kukushuku na akumbuke kuituma. Hapo ndo naumia, kwa sababu mtu wa Kakonko au Uvinza kabla sampuli yake haijasafiri yeye mwenyewe ameshasafiri siku nzima kuja kuonwa.

Na vile vidonge vya TB vya huyo muuzaji, ndani yake kuna rifampisini. Ukimeza kiholela unajijengea usugu wa magonjwa mawili kwa pesa yako. Kama unamfahamu, mwambie mfamasia wa wilaya.

Nesi, mimi ni mzee wa Sikonge, anaandika mjukuu kwa niaba yangu. Miaka ya 70 nilikunywa vidonge vyeupe miaka mingi, baadaye zikaja pakiti nikamaliza, nikaambiwa nimepona. Vidole vimeliwa, nyayo hazisikii, kidonda cha mguu hakikauki. Mkamwana wangu ameanza kuwakataza wadogo wasikae na mimi. Je, bado naambukiza?

Shikamoo mzee wangu. Huambukizi. Ulimaliza pakiti, umepona, na umepona toka kabla mkamwana wako hajaolewa. Hivyo vidole havikuliwa na ukoma unaoendelea, neva ziliharibika zamani, ukawa husikii jiko wala mwiba wala kiatu kinachobana, vidonda vikaingia mpaka mfupani vidole vikafupika. Hicho kidonda ni cha kukanyagia mguu usiosikia, hakuna ukoma ndani yake wa kumpa mtoto.

Kidonda kama kinatoa harufu au mguu umevimba una joto, hospitali kwanza. Kama kiko kikavu kiasi, usikikanyagie sana, kitafunga. Mguu mwingine na mikono kila siku loweka kwenye maji ya kawaida kama nusu saa, maji apime mtu mwingine kwa mkono wake kama si ya moto, sugua ile ngozi ngumu kwa jiwe la kusugulia miguu, usikate kwa wembe, alafu paka mafuta hapo hapo ikiwa bado mbichi. Viatu viwe laini ndani na soli ngumu chini, visipigiliwe misumari, na kabla ya kuvaa kung'uta kila mara.

Na nyayo zikaguliwe kila jioni, zote mbili, katikati ya vidole pia, kutafuta mwiba, malengelenge, wekundu. Wewe macho yako hayafiki tena huko. Mkamwana wangu, najua barua hii utasomewa au utaisoma, kazi hiyo mpe huyu mjukuu aliyeandika, jioni kukiwa bado na mwanga, akae chini mbele ya babu yake, aweke mguu wa babu kwenye paja lake, autazame.